Barua ya wazi kwa wasimamizi wa kambi za likizo Pemba: watoto wetu wataingia lini msituni?

Konde, Kaskazini Pemba

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia elimu, misitu na kambi za likizo za watoto kisiwani Pemba,

YAH: KUWATEMBEZA WATOTO MSITUNI NA PWANI WAKATI WA KAMBI ZA LIKIZO

Assalaamu alaykum.

Waheshimiwa, naandika nikiwa mwalimu mstaafu wa bayolojia na bibi wa wajukuu wanaosoma, na pia kwa niaba ya wazazi wa shehia zetu walionituma nishike kalamu. Jambo hili hatukulianzia hadharani. Tulianza kwa mdomo, tukapeleka maandishi, tukaambiwa linafanyiwa kazi. Likizo ikaja ikapita, na nyengine ikaja. Tulipofuatilia, ofisi ya kwanza ilitutuma ya pili, na ya pili ikatwambia suala hili ni la ile ya kwanza. Basi tumelileta mbele ya watu. Heshima yetu kwenu iko pale pale, ila safari hii tunataka kila mtu asikie.

Malalamiko yetu ni kwamba kambi zinazoitwa za mazingira zinawakusanya watoto wetu, zinawavisha fulana, zinawalisha wali na kuwarudisha nyumbani bila ya kuwatembeza popote. Nitayaeleza moja baada ya jengine.

1. Kambi za mazingira hazina matembezi.

Ratiba tuliyopewa wazazi iliandikwa "ziara ya msituni". Kilichofanyika ni kwamba watoto walipakiwa garini, wakashushwa langoni mwa msitu wa hifadhi wa Ngezi, wakapangwa mbele ya bango. Mgeni rasmi akachelewa. Alipofika ikasomwa risala, ikafuata hotuba ya kuijibu risala, picha zikapigwa, juisi ikagaiwa, gari likapiga honi. Nilipomuuliza mjukuu wangu wa darasa la tano kaona nini huko, alinijibu: "Bibi, tumeona lango."

Sasa tuutazame msitu wenyewe, ule ulioishia kuonwa lango. Zamani miti ya asili ilifunika sehemu kubwa ya Pemba. Mikarafuu na mashamba mengine yakaifyeka, hasa kuanzia karne ya 19, na Ngezi ndicho kipande kikubwa kilichosalia. Ndani yake mna mivule na mijoho mirefu, na mna mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao kwa asili hauoti pengine duniani ila kisiwani kwetu. Pemba ina aina nne za ndege wasiopatikana kokote kwengine: bundi wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule kindege wa rangi ya manjano mwenye duara jeupe machoni. Wako watu wanaotoka Ulaya, wakavuka bahari, wakalipa kulala Pemba ili wamsikie bundi huyo usiku. Mtoto wa Konde anamsikia tangu yuko mgongoni mwa mama yake, na akiuliza ni nini kile anaambiwa anyamaze, ni uchuro. Kima punju nao wapo Ngezi, wachache, walioletwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Nawajua watoto wanaokaa mwendo wa baiskeli kutoka hapo ambao kima punju wamemuona kwenye noti za masomo tu.

Tusije tukapishana kwa neno "matembezi". Ninayoyasema mimi si mchakamchaka, wala si kwenda kula biriani chini ya mti. Ni kikundi kidogo, mtu anayejua yuko mbele, mwendo wa pole, na kusimama mara kwa mara. Mtoto aguse gome la mti, asugue jani na kulinusa, aulizwe kabla ya kuambiwa: kwa nini humu mna ubaridi na barabarani pale jua linaunguza? Tunda hili limeliwa upande mmoja, nani kalila? Kisha ashuke mikokoni auone mchu unavyotoa mizizi ya kupumulia juu ya tope, kwa sababu ndani ya tope hewa ni haba. Auone mkoko wenyewe, ambao mbegu yake huchipua ikiwa bado mtini, hata ikidondoka huwa ni mche tayari, unangoja kusimama tu. Ajue kuupambanua mkandaa na mkomafi na mlilana, kama babu zake walivyojua ni upi wa boriti na upi wa kutia rangi. Mambo haya yamo katika mtaala. Yanachorwa ubaoni kwa chaki katika skuli ambazo mikoko iko nyuma ya kiwanja chao cha mpira, na huko ni sawa na kumfunza mtoto kuogelea kwa kumchorea bahari mchangani.

Na msituambie kwamba kambi ni jambo la kizungu ambalo bado tunalijifunza. Wapemba tuna kambi zetu. Wavulana walifuata baba zao dago, yaani kambi za wavuvi, wakarudi wanajua pepo, miamba na nyota. Karafuu zikiiva, familia nzima zilihamia mashambani. Hata hizo kambi za Marekani mnazozitolea mfano kwenye hotuba zilianza kwa miguu. Mwaka 1861 mwalimu mmoja wa Connecticut, Frederick Gunn, aliwatoa wanafunzi wake skuli, akatembea nao mpaka pwani, na huko ndiko walikopiga kambi. Kambi ya majaribio ya skauti, aliyoifanya Baden-Powell katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, iliwachukua wavulana wapatao 20 na kuwafunza kufuata nyayo na kutambua mimea. Sisi tumechukua jina la kambi na fulana yake, kutembea tumekuacha.

2. Anayepewa kipaza sauti si yule anayejua.

Katika kambi hizi anayezungumza na watoto ni mtu aliyetumwa na karatasi. Huisoma. Maneno yake ni "bayoanuwai" na "mabadiliko ya tabianchi" na "wadau", na watoto hupiga makofi pale wanapoashiriwa. Simlaumu, katumwa. Lakini pembeni yake, akiwa ameshika ufagio au funguo za lango, yupo mlinzi wa msitu ambaye anajua popo wanalala mti gani mwezi huu, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Wajuzi tunao. Mabwana misitu wako zamu. Vijana wanaotembeza watalii wanazijua njia zote. Wazee wa dawa za miti shamba wanaujua mti kwa harufu. Wavuvi wapo. Pale Kidike wenyewe wa mahali wameufanya ulinzi wa popo kuwa kazi yao. Na popo wa Pemba, Waheshimiwa, ni hadithi ambayo kila mtoto wa kisiwa hiki angepaswa kusimuliwa na watu walioifanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mnyama huyu, ambaye kwao duniani ni Pemba tu, alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa na kwa kukatiwa miti anayolala. Vijiji vikaunda vikundi vya kumlinda. Leo wapo kwa maelfu. Waliofanya kazi hiyo wengi bado wazima, wanakaa nasi, wanaswali nasi. Ni kambi gani iliyowahi kuwaita?

Kuna aliyetujibu kwamba mvuvi hawezi kufundisha, hana cheti. Tunamuelekeza Chumbe, kule Unguja. Kisiwa kile kilitangazwa hifadhi mwaka 1994, wavuvi wakapewa mafunzo wakawa walinzi na waongozaji, na kwa miaka mingi watoto wa skuli wamepelekwa kule bila ya malipo, wakatembezwa msituni na kuingizwa majini kuangalia matumbawe. Haya yamefanyika ndani ya Zanzibar hii hii, na watoto ni hawa hawa wa skuli zetu.

3. Wasichana huachwa nyuma.

Pale inapotokea kweli watoto wakaingizwa msituni hatua chache, huambiwa wasichana wabaki kwenye kivuli wasaidie kugawa chakula. Sababu hazisemwi waziwazi, zinanong'onwa: nguo zao, tope, heshima. Mimi ni mwanamke wa pwani na hapa nitasema bila ya kuzunguka. Kila bamvua, maji yanapokupwa sana, mama zao na bibi zao wanatembea tope hadi magotini, kanga zimefungwa sawasawa, ndoo mkononi, wanachokoa chaza na kombe mpaka maji yarudi. Heshima yao haijapungua. Msichana aliyevaa suruali ndefu ndani ya kanzu yake, na mwalimu wa kike yuko pamoja naye, ana kizuizi gani cha kuangalia mti?

4. Tarehe hupangwa bila ya kuangalia maji wala msimu.

Kambi moja ilipangiwa kwenda pwani kuangalia viumbe vya miambani. Walifika maji yamejaa, yanapiga ukutani. Wakaangalia bahari, wakarudi. Mvuvi yeyote wa Wete au Micheweni angewaambia: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa sana, na kwetu sisi wakati wa kukupwa ni kiasi cha saa nne asubuhi. Hapo ndipo mwamba uko wazi, majongoo bahari, kiti cha pweza, nyasi za bahari na vijisamaki vilivyonaswa vidimbwini vyote vinaonekana kwa mtu aliyesimama. Siku za maji mafu, ambapo bahari haikupwi sana, usimpeleke mtoto, hatoona kitu. Na msituni nako kuna wakati wake. Masika njia hutota na kuteleza, lakini kipupwe, mwezi wa sita hadi wa nane, ni kukavu na jua si kali. Kalenda ya kambi inapangwa kwa kuangalia lini mgeni rasmi ana nafasi. Naomba radhi, lakini ndivyo ilivyo.

5. Wingi na makelele.

Watoto mia kwa mkupuo, na spika. Nimewahi kuona kwa macho yangu mtu mzima akiwapigia makofi popo mchana ili waruke apate picha nzuri. Popo ni wa usiku, mchana ndio usingizi wake. Watoto wakajifunza kupiga makofi.

Waheshimiwa, majibu yatakayokuja tunayajua, kwa sababu tumeshayasikia.

Mtasema fedha hakuna. Fulana zilikuwepo. Bango lilikuwepo, na posho, na chakula cha meza kuu kilichoandaliwa mbali na cha watoto. Muongozaji wa kijijini kwa asubuhi moja hafikii gharama ya hilo bango, ambalo baada ya picha lilikunjwa na sijui liko wapi.

Mtasema hatari, mtoto akiumia nani atabeba dhamana. Suala hili ni la haki na hatulibezi. Pemba hatuna simba wala tembo. Tuna miiba, nyoka, siafu, miamba mikali na maji yanayojaa haraka. Hatari hizi zina majibu yake: ruhusa ya mzazi kwa maandishi, viatu vya kufunika mguu, maji ya kunywa, kisanduku cha huduma ya kwanza, mtu mzima mmoja kwa watoto wachache, na anayejua saa ya maji kujaa. Watoto hawa hawa wakitoka skuli hupanda miembe na kuruka majini gatini bila ya mtu mzima hata mmoja, na hapo hakuna anayeuliza dhamana.

Mtasema mitihani, likizo ni wakati wa kambi za masomo kwa madarasa ya mitihani. Nimefundisha madarasa hayo, najua presha yake. Lakini mtoto anayefungiwa na vitabu kutwa naye ana gharama yake, na ya kwanza ni macho. Huko Guangzhou, Uchina, ulifanywa utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya skuli. Baada ya miaka 3, katika kundi hilo walioanza kutoona mbali walikuwa kiasi cha 30 katika kila 100. Wenzao ambao hawakuongezewa walikaribia 40. Kwa mtoto asiyeuona ubao, kambi ya masomo itamsaidia kidogo sana.

Mtasema chuoni. Watoto wana Qur'ani yao, asubuhi au jioni, na hakuna mzazi Pemba atakayekubali ivurugwe. Nasi hatutaki ivurugwe. Zungumzeni na masheikh mpange saa. Aya ya 20 ya Suratul Ankabut inatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji, kwa hivyo sitarajii sheikh atakayeona matembezi haya ni upuuzi. Kisiwani Misali, pale uhifadhi wa samaki ulipokuwa mgumu kueleweka kwa lugha ya ofisi, walimu wa dini walishirikishwa na wavuvi wakasikiliza. Mlango huo mnaujua, mlishaupita.

Na wapo watakaosema, kwa sauti ya chini, kwamba msituni mna wenyewe. Sitobishana na mtu kwa hilo. Ngezi ina pahali ambapo wazee hawaendi ovyo, na wazee hao hao wanajua pa kupita. Ndiyo sababu nyengine ya kumchukua mzee wa mahali badala ya mtu wa karatasi.

Tunachoomba kabla ya likizo ijayo ni haya. Kambi yoyote ya watoto yenye jina la mazingira iwe na matembezi mawili yasiyopungua, moja msituni na moja pwani au mikokoni, kila moja lisipungue saa mbili, na yafanyike hata kama mgeni rasmi hakutokea. Vikundi visizidi watoto 12. Kila kikundi kiwe na muongozaji kutoka eneo lenyewe, alipwe siku hiyo hiyo na kwa kiwango kinachojulikana, pamoja na mwalimu mmoja. Penye wasichana awepo mwalimu wa kike, na waende wote. Kiingilio cha hifadhi kisitozwe kwa mtoto wa skuli ya Zanzibar anayekuja na mwalimu wake. Tarehe za kwenda pwani zipangwe kwa kufuata bamvua na zitangazwe mapema, nasi tutamleta mvuvi wa kuzikagua. Mwisho, mchanganuo wa fedha za kila kambi ubandikwe kwenye ubao wa skuli na ofisi ya sheha, pamoja na bei ya bango.

Upande wetu tunaahidi chakula. Kila nyumba itafunga cha mtoto wake, mihogo, samaki, maandazi, atakachojaaliwa. Wazazi wenye afya watatembea pamoja na vikundi, na mimi ni mmoja wao, goti likiniruhusu. Tayari tuna orodha ya wavuvi, wazee na vijana waliokubali kuongoza, tutaikabidhi ofisi yoyote itakayoipokea.

Tunaomba jibu kwa maandishi, lenye jina na saini ya aliyeliandika, kabla shule hazijafungwa. Tukilipata tutalisoma mbele ya wazazi kwa shukurani. Tusipolipata, likizo ijayo tutawatoa watoto wetu katika kambi hizo na kuwatembeza wenyewe, na barua ya kuomba ruhusa ya kuingia Ngezi mtaikuta mezani kwenu.

Mgeni rasmi anakaribishwa pia. Avae viatu vya kutembelea.

Wenu katika kujenga nchi,

Mwalimu mstaafu, kwa niaba ya wazazi na walezi
Konde, Pemba

Nakala:
Masheha wa shehia zinazopakana na msitu
Kamati za skuli
Masheikh na walimu wa vyuo vya Qur'ani